Mkono Mwepesi, Madai Mazito

Mteja wa mara ya kwanza huja akijua atachuliwa. Anauliza avue nini, anaitafuta kwa macho chupa ya mafuta, anataka kujua kama itauma. Anaambiwa avue viatu na mkanda, basi. Analala chali na nguo zake juu ya kitanda chembamba, mto umewekwa chini ya magoti, na mtaalamu anavuta kiti na kuketi nyuma ya kichwa chake. Vidole vinaingia chini ya kisogo na kutulia. Dakika tano zinapita, kisha kumi. Hakuna kinachosuguliwa, hakuna mfupa unaoalika. Kinachosikika ni tumbo la mteja likinguruma na, mara nyingi, baada ya muda, mkoromo wake.

Hiyo ndiyo tiba ya kraniosakrali, iliyozaliwa Marekani na kuenea Ulaya na kwingineko. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kazi za mikono mwilini: kuna kuchua, kukanda, kusinga, kunyoosha. Lakini maneno hayo yote yana nguvu ya mkono ndani yake, na hakuna hata moja linaloitosha kazi hii. Wenyewe hupenda kusema kwamba mguso wao una uzito wa gramu 5, sawa na sarafu ya senti tano ya Marekani. Kwa kipimo cha jikoni, ni kama kijiko cha chai cha sukari. Anayetaka kujua uzito huo ulivyo aimwage sukari hiyo kiganjani, afumbe macho, aone kama ataisikia.

Jina lenyewe limefumwa kwa maneno mawili. La kwanza ni fuvu. La pili ni mfupa mpana wa pembetatu ulio juu ya kifandugu, pingili tano zilizoungana kuwa kitu kimoja, ambao Wagiriki na baada yao Warumi waliuita mfupa mtakatifu. Kati ya ncha hizo mbili kuna utando mgumu uliovikwa ubongo na ugwe wa mgongo kama soksi ndefu, na ndani yake mna maji maangavu, kiasi cha mililita 150 kwa mtu mzima, ambayo mwili huyatengeneza upya mara kadhaa kwa siku. Waganga wa Kiarabu wa zama za kati waliuita utando huo mama mgumu, kwa kuwa kwao neno mama lilibeba pia maana ya kitu kinachofunika na kulea. Stephen wa Antiokia alipotafsiri kitabu chao kimoja kwa Kilatini mwaka 1127, mama huyo alisafiri naye, na hadi leo wanafunzi wa udaktari humtaja bila kujua alikotoka.

Ajabu ni kwamba ukoo wa mikono hii mitulivu unaanzia kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvuta, kusukuma na kupinda.

Andrew Taylor Still alizaliwa Virginia mwaka 1828, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti aliyekuwa pia tabibu, na uganga aliujifunza kwa baba yake. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwake Kansas na kuwachukua watoto watatu. Dawa za zama zile, zilizojaa zebaki, kasumba na pombe kali, hazikufua dafu. Alipowazika watoto, imani yake kwa dawa hizo nayo ilibaki kaburini. Miaka kumi baadaye, tarehe 22 Juni 1874 kwa hesabu yake mwenyewe, alianza kutangaza elimu mpya: kwamba mwili una duka lake la dawa ndani, na kazi ya tabibu ni kuiweka mifupa mahali pake ili damu ipite bila kizuizi. Aliiita osteopathi.

Walimcheka. Chuo cha Baker, ambacho familia yake ilikuwa miongoni mwa waliokisaidia kuanzishwa, kilimnyima jukwaa la kueleza mawazo yake. Akahamia Missouri, katika mji mdogo wa Kirksville, akijitangaza mara kama mganga wa sumaku, mara kama mwunga mifupa mwenye kasi ya radi. Mwaka 1892 akafungua shule. Wanawake walipokewa tangu darasa la kwanza, jambo ambalo shule nyingi za udaktari za wakati huo zisingelikubali. Wagonjwa wakaanza kushuka kutoka kwenye treni kwa mamia, na mji ambao haukuwa na lolote la kumvutia mgeni ukajaa hoteli.

Umaarufu huo ulimfikia hata Mark Twain, ambaye binti yake Jean aliugua kifafa. Mwaka 1901 mwandishi huyo alikwenda Albany, New York, kuwaambia watunga sheria wawaache watu wachague wenyewe mganga wa kumkabidhi miili yao.

Sasa aingie kijana wa magazeti. William Garner Sutherland, mzaliwa wa Wisconsin mwaka 1873, alianzia kazi ya chini kabisa kwenye kiwanda cha uchapaji akapanda hadi uhariri huko Minnesota. Mwaka 1898 aliacha wino akajiunga na shule ya Still. Siku moja, akipita kwenye ukumbi wa shule, alisimama mbele ya fuvu lililotenganishwa. Lilikuwa la aina inayoitwa kwa jina la Beauchêne, mwanaanatomia Mfaransa: kila mfupa umetolewa mahali pake na kushikizwa kwa waya, ukaachana na jirani yake kwa nafasi ya kidole, hata kichwa kizima kikaonekana kama kimepasuka kikagandishwa angani.

Fuvu la binadamu lina mifupa 22, na mingi kati yake imekutana kwa mishono yenye meno kama ya msumeno. Sutherland aliuangalia mfupa wa ubavuni mwa kichwa, ule wa juu ya sikio, akaona kwamba ukingo wake haukukatwa wima bali umechongwa mshazari, umelalia mwenzake kama magamba. Wazo lililomjia, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, ni kwamba kingo zile zilifanana na matamvua ya samaki. Na kama ni matamvua, basi zinafunguka na kufunga. Na kama zinafunguka na kufunga, basi kichwa kinapumua.

Hapa msomaji na asimame kidogo. Wanaanatomia wamekuwa na njia ya zamani, ya jikoni kabisa, ya kulitenganisha fuvu bila kulivunja: hulijaza maharage makavu kupitia tundu la chini, wakalitumbukiza majini na kungoja. Maharage yakivimba, mishono inafumuka polepole. Aliyewahi kuacha maharage yalale kwenye chombo kidogo na kukuta kifuniko sakafuni asubuhi anaijua nguvu hiyo. Kinachofumua fuvu kavu la mtu mzima ni nguvu ya namna hiyo, si kijiko cha sukari. Lakini Sutherland hakuona maharage. Aliona samaki.

Alihitimu mwaka 1900, akafungua kazi Minnesota, na lile wazo likakataa kumwachia. Alijua vitabu vinasema nini, kwa hiyo aliamua kuthibitisha kwamba mifupa ya kichwa haisogei, ili apate amani. Maabara yake ilikuwa kichwa chake mwenyewe. Alikusanya mabakuli ya mbao ya kuwekea siagi, mikanda ya ngozi na glavu za kudakia mpira wa besiboli, akatengeneza kofia ya kubana fuvu: mkanda ukikazwa upande huu, mfupa fulani unabanwa; ukilegezwa, unaachiwa. Mkewe, Adah, aliyekuja kuandika habari za maisha yake, alimwona akibadilika tabia na hali kadiri majaribio yalivyoendelea. Kubana paji la uso kulileta shida moja, kubana kisogo kukaleta nyingine. Sutherland aliyasoma mabadiliko hayo kama ushahidi. Mwenye shaka angeuliza ni mtu gani atakayefungwa kichwa kwa mikanda asibadilike tabia.

Mwaka 1939 alichapisha kijitabu kuhusu bakuli la fuvu. Ndani ya mafundisho yake mlikuwa na mambo matano: ubongo na ugwe wa mgongo vina mwendo wao wenyewe, maji yanayovizunguka hupwa na kujaa, tando za ndani huvutana, mifupa ya fuvu husogea, na mfupa mtakatifu huyumba katikati ya nyonga bila mtu kukusudia. Kupwa huko na kujaa huko, alisema, ndiko kupumua kwa kwanza, kunakotangulia kule kwa mapafu. Kuelekea mwisho wa maisha yake, kabla hajafa California mwaka 1954, alizungumza zaidi na zaidi juu ya pumzi ya uhai, kwa lugha ya kitabu cha Mwanzo, na kusukuma mifupa kwa nguvu iliyozidi kupungua. Still alikuwa amekunja viuno na kunyoosha shingo. Mwanafunzi wake aliishia kushika na kungoja.

Jambo hilo ndilo uzi wa historia hii yote. Kila kizazi kilipunguza nguvu ya mkono, na kila mkono ulipopungua uzito, madai yaliyowekwa juu yake yaliongezeka.

Mtu wa tatu ni John Upledger, mzaliwa wa Detroit mwaka 1932, mhitimu wa chuo kile kile cha Kirksville. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa tabibu Florida, na siku moja aliombwa asaidie upasuaji wa shingo. Juu ya ule utando mgumu kulikuwa na gamba la chokaa. Kazi ya Upledger ilikuwa nyepesi: aushike utando kwa koleo mbili ndogo usitikisike, mpasuaji akwangue gamba bila kuutoboa. Akashindwa. Utando ulikuwa ukienda na kurudi, polepole, kiasi cha mara 10 kwa dakika, na mwendo wake haukulingana na moyo wa mgonjwa wala mashine ya kupumulia. Mpasuaji alikereka. Upledger, kwa simulizi aliyoirudia maisha yake yote, aliona aibu kwanza, na udadisi ukafuata. Hakuna mtu chumbani aliyeweza kumweleza kitu kile ni nini.

Alijifunza mafundisho ya Sutherland, na mwaka 1975 akaitwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kuwa mmoja wa kikosi cha kuchunguza suala hilo. Alikaa huko hadi 1983, mwaka aliochapisha na Jon Vredevoogd kitabu cha kiada kilichoipa kazi hii jina inalotumia leo. Miaka miwili baadaye alianzisha taasisi yake Palm Beach Gardens, Florida. Kisha akafanya jambo ambalo baadhi ya wenzake waliliona kama usaliti: alianza kuwafundisha wasio wana-osteopathi. Wachuaji, wauguzi, wataalamu wa viungo, madaktari wa meno, hata wazazi wa watoto wagonjwa walipewa ratiba ya hatua 10, inayofundishika kwa siku chache. Waliosoma miaka kadhaa kupata cheti walihoji. Hata hivyo mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na kwa mlango huo tiba ilitoka nje ya chama cha mafundi ikaingia mitaani.

Ikiingia mitaani, ilibeba mengi. Upledger alifundisha kwamba mwili huhifadhi mishtuko ya zamani na kwamba mguso ukiifikia, machozi hutoka na mtu hufunguka. Alifika hadi Bahamas kuwaweka pomboo majini kando ya wagonjwa. Huko Uingereza, Franklyn Sills alianzisha tawi jingine katika vilima vya Devon, ambalo hata zile gramu 5 kwake ni nyingi: mtaalamu hutakiwa azidi kutulia yeye mwenyewe, mikono ikielea juu ya mwili kama boya juu ya maji, na mdundo unaosikilizwa ni wa taratibu zaidi kuliko ule wa Upledger.

Je, mdundo huo upo?

Sehemu ya jibu ni rahisi. Aliyewahi kumbeba mtoto mchanga ameuona utosi ukidunda. Maji ya ubongo husogea kwa kila pigo la moyo, na mwaka 2015 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwa picha za sumaku kwamba kuvuta pumzi huyasukuma kwa nguvu kuliko moyo. Kwa hiyo kichwani kuna midundo miwili isiyobishaniwa. Ubishi uko kwenye wa tatu, ule unaosemekana kusikika kwa vidole.

Mwaka 1994 watafiti waliwachukua wataalamu 3 wa tiba hii wakawapa watu 12 wale wale wawahesabie mdundo. Hesabu zao hazikukubaliana. Mwaka 1998 jaribio likafanywa kwa namna ambayo fundi wa saa angeipenda: wataalamu wawili kwa mtu mmoja, mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakihesabu kwa wakati mmoja. Mwili ni mmoja, maji ni yale yale, hesabu hazikulingana. Mwaka 2006 majaribio kwa sungura yalionyesha kwamba uzito mdogo kama unaotumika kwenye tiba hii hausogezi mshono wa fuvu. Na kile kiungo cha katikati ya sakafu ya fuvu, ambacho Sutherland alikifanya bawaba ya mfumo mzima, huwa kimeshaungana kuwa mfupa mmoja kabla mtu hajavuka ujana. Matamvua ya samaki, kwa kifupi, yalikuwa ya samaki.

Lakini mambo hayaishii hapo, na ni haki yasemwe yote. Huko Essen, Ujerumani, watu 54 wenye maumivu sugu ya shingo waligawanywa makundi mawili, kila moja likihudumiwa mara moja kwa wiki kwa wiki 8. Kundi moja lilipata tiba hii, jingine likaguswa kwa upole tu, bila ufundi wowote, pasipo kujua. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha maumivu yakipungua zaidi kwa waliopata tiba halisi. Mapitio makubwa ya mwaka 2024, yaliyokusanya majaribio ya magonjwa mbalimbali, yakaja na hukumu kavu: faida ya maana haikuonekana. Mwenye kuitetea tiba hii atalishika la kwanza, mwenye kuipinga la pili, na mwenye shingo inayouma atabaki na shingo yake.

Kinachobaki, nadharia ikishaondolewa mezani, ni saa moja ambayo mtu amelazwa mahali palipo kimya, simu imezimwa, na mtu mwingine amemshika kichwa bila kumtaka afanye lolote. Kwa wakazi wengi wa mijini, saa ya namna hiyo haijawahi kuwapo tangu walipoachishwa ziwa. Kupumua kunashuka hadi tumboni, taya linalegea, mabega yanakubali kukutana na kitanda. Si kidogo.

Kwa mwenye nia ya kujaribu, mambo huenda hivi. Kwanza kuna maswali: ajali za zamani, upasuaji, dawa anazotumia. Kisha mikono huanzia miguuni au kisogoni, huhamia chini ya mfupa mtakatifu, ambapo mteja hulazimika kuinua kiuno kidogo ili kiganja kiingie, hupita mbavuni na kurudi kichwani. Kikao huchukua kati ya dakika 45 na saa moja. Wako wanaosikia joto, wako wanaosikia kama wanaelea, wapo wanaolia bila kujua sababu, na wapo wasiosikia chochote wakaanza kuhesabu mbao za dari. Kuna wakati mtaalamu huishikilia mikono pale pale mpaka, kwa maneno yake, mdundo usimame. Mteja huuona wakati huo kama usingizi uliomjia mlangoni. Baadaye huombwa akae kitako kidogo kabla hajasimama, na hupewa glasi ya maji. Kichwa kizito au uchovu jioni ile si jambo la kushangaza.

Asiende aliyepata pigo la kichwa hivi karibuni, aliyevuja damu ubongoni, mwenye uvimbe kwenye mshipa wa damu wa kichwani, au aliyeambiwa na daktari kwamba shinikizo ndani ya fuvu lake liko juu. Watoto wachanga ni suala la kuangaliwa kwa macho mawili. Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi waliripoti kifo cha mtoto wa miezi 3 baada ya mtu aliyejiita mtaalamu wa tiba hii kumkunja shingo na mgongo kwa nguvu. Kwa kipimo chochote cha Sutherland, cha Upledger au cha Sills, hilo halikuwa kazi yao. Lakini jina lililokuwa mlangoni lilikuwa lao, na katika nchi nyingi jina hilo halilindwi na sheria. Uingereza ina sheria ya wana-osteopathi tangu 1993. Mtaalamu wa kraniosakrali asiye mwana-osteopathi haimhusu.

Kwa hiyo kabla ya kuvua viatu, mteja aulize mwenye mikono amesoma wapi, kwa muda gani, na anatarajia nini kwa tatizo lililomleta. Akijibiwa kwamba huenda atapumzika, huenda maumivu ya shingo yakapungua, na kwamba dawa zake za hospitali asiziache, alale chali. Akiahidiwa kuponywa kifafa, usonji au kisukari kwa gramu 5, avifunge viatu vyake na kwenda nyumbani.